Jina Chini ya Kitambaa

Mikono iliyowaacha nyuma wanawake wa dunia nzima ilikuwa inashindwa kufunga kifungo kimoja cha koti. Irena Wolak alijaribu tena, kifungo kikamponyoka tena. Akakiacha. Alisimama peke yake ndani ya ghala la boti la klabu ya Larkspur, ukingoni mwa mto Schuylkill, akiwasikiliza watu wakijaa uwanjani nje na kucheka.

Watu wote hao walimjia yeye. Tangu awe bingwa wa dunia wa boti ya mtu mmoja, Philadelphia nzima ilimfanya ndugu yake. Hakuweza kununua hata kahawa bila mtu kumkodolea macho na kumuuliza, "Si wewe yule?" Kule Port Richmond, mtaa alikozaliwa, walikuwa wamemchora kwenye ukuta mzima wa duka la dawa, amekumbatia makasia, na meno meupe kuliko aliyonayo. Na leo klabu ilikuwa inampa heshima yake kubwa kuliko zote, boti mpya yenye jina lake.

Ila heshima hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Pale Larkspur, mtu aliyepewa boti hashindani tena. Jina likishatamkwa na maji ya mto yakamwagwa juu ya boti, klabu inachukua leseni ya kushindana ya mwenye jina hilo na habari yake inaishia hapo. Ndiyo desturi tangu enzi za mababu zao, na wapiga makasia wanaiogopa kuliko wanavyomwogopa Mungu. Zamani kuna mmoja aliyejaribu kuivunja, kasia lake likakatika mbele ya umati, na mpaka leo wajukuu zake wanataniwa. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba leo Irena anastaafu. Magazeti yalishaandika. Mama yake alishamshukuru Mungu kwa sauti katikati ya misa.

Mtu mmoja tu hakuwa na habari ya kustaafu, naye ni Irena mwenyewe.

Aligeuka akaitazama boti. Nyembamba, ndefu, inang'aa, na kitambaa cheupe kimefunika pua yake. Desturi inampa mwenye heshima haki ya kusimamia uandishi wa jina, na hakuna anayeruhusiwa kuchungulia kabla ya maji kumwagwa. Irena aliitumia haki hiyo vizuri mno. Chini ya kitambaa, kwa rangi ya dhahabu, fundi alikuwa ameandika jina la Gil Pomeroy.

Kabla ya kuwa bingwa wa boti ya peke yake, Irena alipiga makasia kwenye boti ya watu wanane, na Gil alikuwa nahodha wao. Katika boti ile wapigaji wote huketi wakitazama walikotoka. Anayeona wanakokwenda ni nahodha peke yake, kijana mfupi mwepesi aliyejikunja mwishoni na usukani mikononi, akiwapigia kelele. Na anayekaa uso kwa uso na nahodha ni mmoja tu, naye alikuwa Irena. Miaka sita alikwenda kinyumenyume akiuamini uso wa Gil, macho yake ya kahawia, nyusi zake zilizopanda kila walipokaribia kushinda. Gil ndiye aliyemwambia, "Hapa unatubeba wote. Nenda kajibebe mwenyewe." Akaenda, akawa Irena Wolak anayejulikana. Gil alikwenda kujaribiwa timu ya taifa mara tatu, mara tatu wakamrudisha nyumbani. Akaacha, akawa mwalimu wa jiografia. "Nimemaliza," alikuwa akisema huku akicheka. "Makalio yangu yamekichoka kile kiti."

Irena alijiona mjanja kweli. Boti ikichukua jina la Gil, Gil hapotezi kitu kwa sababu hashindani tena. Jiji lingejua ni nani aliyemjenga. Yeye angeendelea mpaka Olimpiki, akaitafute dhahabu ile moja iliyokuwa inamkosesha usingizi. Na jambo la mwisho, lililomfanya atabasamu peke yake kila usiku, ni kwamba Gil alimchumbia mwezi Agosti na yeye akamwambia, "Nitakujibu siku ya boti." Kitambaa kikitoka, jibu litakuwa limeandikwa kwa dhahabu.

Mlango wa ghala ulisukumwa. Gil aliingia mbio, tai imekwenda upande.

"Upo peke yako? Afadhali. Irena, nitazame."

"Mbona umenyoa nusu?"

"Ndiyo maana nimekwambia unitazame!" Alijishika shavu lenye ndevu. "Nilikuwa nanyoa, simu ikalia. Kocha wa timu ya taifa. Nahodha wao wa boti ya wanane amevunjika kifundo cha mkono. Wamekaa, wamejadili, wamesema mtu ni mmoja tu." Alivuta pumzi, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimeitwa, Irena. Mimi. Baada ya yote yale."

Irena alikitupia macho kile kitambaa cheupe. Alitaka kutabasamu, midomo ikakataa.

"Umekubali?" aliuliza.

"Nimekubali? Nilisema ndiyo kabla kocha hajamaliza kujitambulisha. Nikirudi mwakani bila medali nirudishe walau mafua ya mto."

"Ulisema umemaliza."

"Nilisema. Mtu akinyimwa sahani mara tatu atasema nini? Anasema ameshiba." Gil aliacha kucheka. Alimsogelea, akainua uso kumtazama, maana kimo chake kilimfikia Irena begani. "Una nini? Umekuwa mweupe kama hicho kitambaa."

"Hotuba. Naogopa hotuba."

"Usinidanganye. Nimekaa mbele ya huo uso miaka sita, naujua kuliko ramani ninazofundishia."

Angemwambia. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini Irena naye alimjua Gil. Akimwambia tu kwamba jina lake liko pale chini, Gil atasema mwaga maji, hakuna neno, mimi nimezoea. Atasema hivyo akitabasamu, kisha atarudi darasani na ramani zake na asiliguse tena jambo hilo maisha yake yote.

"Si chochote, Gil. Hongera."

"Hongera," Gil alirudia, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Mimi nimekimbia kutoka kituo cha treni ili uwe wa kwanza kusikia. Nilijua itakuuma kidogo, wewe unatoka na mimi naingia. Sikujua utashindwa hata kunishika mkono."

"Siyo hivyo!"

"Basi nijibu lile swali langu. Si ndiyo leo siku ya boti?"

"Gil, nakuomba, si sasa."

Macho yale ya kahawia yalimtazama, yakasubiri, kisha yakaondoka usoni mwake, na Irena akahisi baridi pale yalipokuwa.

"Sawa," alisema. "Nitasimama mbele kabisa, kama kawaida yangu. Nikikaa nyuma naona migongo ya watu tu."

Akatoka. Irena alikimbilia kwenye boti, akaanza kuhangaika na kamba za kitambaa. Kama angepata kisu, angeyakwangua yale maandishi, hata kama angeiharibu boti yenyewe. Fundo la kwanza lilikuwa limeanza kulegea aliposikia visigino nyuma yake.

"Yule mfupi alikuwa anafanya nini humu?"

Mama yake, Halina Wolak, alikuwa amevaa kofia ya Pasaka ingawa ilikuwa Oktoba. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, aliyemwita binti yake Irenka mpaka leo kama alipokuwa mtoto, na tangu mumewe afariki sauti hiyo ilikuwa imeongezeka.

"Alikuja kunisalimia, Mama."

"Kunisalimia, kunisalimia. Irenka, mimi si mtoto. Mwanaume ana kimo cha mtoto wa kipaimara, halafu ameshaachana na mke. Padri atawafungisha wapi, kwenye maegesho ya magari?"

"Mama, leo usianze."

"Sianzi, namalizia." Halina alikiona kifungo, akakifunga kwa mkupuo mmoja. Kisha akaishika mikono ya binti yake, akaigeuza viganja juu. Sugu zilikuwa ngumu na za manjano. Uso wa mama ulilainika. "Tazama hii mikono. Baba yako alikanda unga maisha yake yote, alikuwa na mikono laini kuliko hii. Mungu amrehemu, laiti angekuwepo. Alikuwa anakuleta hapa giza bado, unakumbuka? Na gari lake la mikate. Anakaa ndani, hashuki."

"Alikuwa anaogopa maji."

"Alikuwa anaogopa maji, na alikuja kila siku. Mimi nilikuwa nabaki kitandani nasali. Kila ukiwa mtoni, mimi sipumui mpaka nisikie mlango." Alimpiga piga kofi la taratibu shavuni. "Leo nitalala, mwanangu. Leo basi."

Irena aliitazama ile kofia ya Pasaka. Alikuwa amewadanganya watu wawili aliowapenda kuliko wote, mmoja ameondoka na uchungu, mwingine yuko mbele yake anafurahi.

Walikuja kuibeba boti. Irena alimvuta kando mwenyekiti wa klabu, mzee Thornton Reese, aliyependeza kwa koti la mistari.

"Mwenyekiti, tuahirishe. Tafadhali."

"Tuahirishe nini, binti? Watu wa televisheni wamekuja, soseji zimeshaiva. Na boti ikishatoka nje kwa ajili ya jina hairudi ndani bila jina. Unajua hilo tangu ulipokuwa na meno ya utoto."

Nje, jua la Oktoba lilikuwa limetanda juu ya mto wote mpaka kwenye daraja. Waliiweka boti juu ya vigogo mbele ya umati. Mwenyekiti alianza hotuba, na hotuba ilikuwa maisha ya Irena tangu alipokuwa binti wa mwoka mikate asiyejua kushika kasia mpaka siku aliposimama juu ya jukwaa ng'ambo ya bahari na bendera ikipanda. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja alilia. Irena hakusikia nusu yake. Alikuwa anamtazama Gil, aliyesimama mbele kabisa kama alivyosema, karibu na pua ya boti, mikono mfukoni, na nusu yake ya ndevu. Gil hakuwa anamtazama.

Wazo lilimjia taratibu, na lilipofika likamtuliza na kumuumiza kwa pamoja. Klabu ilihesabu kinachosemwa maji yakimwagika. Maandishi ni rangi tu, yanaweza kufutwa kesho. Akisema jina lake mwenyewe, ndiye atakayestaafu. Gil ataendelea. Mama atalala. Na ile dhahabu ya Olimpiki ataitazama kwenye televisheni, shingoni mwa mwanamke mwingine.

Alipewa jagi la maji ya mto. Lilikuwa zito.

Upepo ulipita chini ya daraja, ukakigusa kitambaa. Kwa sababu ya lile fundo alilolilegeza, pembe moja iliinuka kidogo sana. Watu warefu hawakuona kitu, kwao kitambaa kilikuwa kitambaa. Lakini Gil, kwa kimo chake kile kilichodharauliwa, alikuwa ametazamana na pembe hiyo moja kwa moja. Irena aliona nyusi zake zikipanda. Aliona macho yakitoka kwenye maandishi yakaja usoni mwake, na akajua amesomwa.

Akaharakisha. Aliinua jagi.

"Boti hii naiita Ire—"

"Simameni wote!"

Ilikuwa amri ya nahodha, ile inayosimamisha makasia manane kwa pumzi moja. Mkono wa Irena uliganda hewani kabla akili yake haijaelewa. Na si wake tu. Kila mpiga makasia aliyekuwa pale aliganda, wazee kwa vijana, mmoja wao soseji ikiwa mdomoni.

"Lishushe hilo jagi," Gil alisema.

"Usiniingilie, Gil."

"Lishushe, Irena." Alikuja mpaka mbele yake. Sauti ilikuwa ya chini, lakini kimya kilikuwa kikubwa na kila mtu alisikia. "Ni jina la nani liko pale chini?"

"Umeshaliona."

"Nataka kulisikia kwako."

"Lako!" Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. "Niliandika lako kwa sababu ulisema umemaliza. Nilitaka wote hawa wajue. Halafu ukaingia na hilo shavu lako, ukasema umeitwa."

Umati uliguna. Mwenyekiti Reese alishika kichwa.

"Na sasa hivi ulikuwa unasema lako," Gil alisema polepole. "Uache Olimpiki. Uache dhahabu yako kwa ajili ya simu niliyopokea nikiwa na povu mdomoni."

"Ndiyo."

"Una wazimu?"

"Ndiyo!"

Gil aliinamisha uso, akaupangusa kwa mkono wa shati. Alipouinua, alikuwa anatabasamu tabasamu lile lile aliloliogopa Irena. "Basi sema langu. Mwaga. Mimi wameshanirudisha mara tatu, njia naijua."

"Sitaki."

"Irena..."

"Nimesema sitaki! Miaka sita umenipigia kelele, nikakutii. Leo sitii."

"Jamani," mwenyekiti aliingilia, jasho likimtoka, "mtajeni yeyote, lakini mtajeni. Boti haiwezi kurudi ndani hivi hivi."

Hakuna aliyemsikiliza, maana kofia ya Pasaka ilikuwa inapasua umati. Halina Wolak alifika mbele, akasimama katikati ya wale wawili.

"Irenka. Hukutaka kuacha?"

Irena alitamani ardhi ipasuke. "Hapana, Mama."

"Nimemshukuru Mungu bure mbele ya kanisa zima."

"Nisamehe, Mama."

Halina alimtazama binti yake. Alitazama mto. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Wewe bwana wa mistari. Mtu ambaye hajawahi kupanda boti hata siku moja, mnaweza kumnyang'anya leseni?"

"Anakuwa hana leseni, Bibi Wolak. Hatuwezi kumnyang'anya asichokuwa nacho."

"Vizuri." Alilichukua jagi mikononi mwa Irena. Alilazimika kunyanyuka kwa vidole vya miguu. "Kazimierz Wolak," alisema kwa sauti ile ya misa, na maji yakamwagika juu ya boti, yakachuruzika mpaka kwenye nyasi. "Mwoka mikate. Alikuwa anaogopa maji."

Irena alijifunika uso kwa mikono yake yenye sugu, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi ya baba yake, na mkono mdogo wenye nguvu, uliozoea usukani, ukamshika kiwiko. Hakuhitaji kutazama kujua ni wa nani. Kisha makofi yakaanza, yakaendelea, na mwenyekiti akatangaza kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu kwamba boti imepata jina na soseji ziko tayari.

Halina hakujali soseji. Alikivuta kitambaa, akayaona yale maandishi ya dhahabu: Gil Pomeroy. Akatoa leso, akaitemea mate, akaanza kusugua.

"Haitoki," alilalamika. "Rangi gani hii?"

Gil alijisogeza kwa Irena. "Na lile swali langu?" alinong'ona. "Siku ya boti bado haijaisha."

Irena alimtazama, lakini jibu alilipeleka kwa mama yake.

"Haitatoka, Mama. Nilimwambia fundi aweke ile isiyotoka."

Leso ilisimama. Mama alimtazama binti yake, akamtazama Gil kuanzia viatu, safari ambayo haikuchukua muda, mpaka kwenye lile shavu lenye ndevu nusu. Alikunja leso taratibu, akairudisha kwenye mkoba.

"Mwite huyo fundi wako," alisema. "Aje aandike la baba yako. Kubwa, na aliandike juu." Alinyoosha kidole kwenye jina la dhahabu. "Huyu mwache hapo hapo chini. Ndiyo saizi yake."